Kambi ya Watoto Wenye Maradhi ya Kudumu: Nani Hufanya Nini?

Mwezi Juni, shule zinapofungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka, Nyanda za Juu Kusini huwa zimekwisha kuingia kipupwe. Mbeya na Iringa ziko katika mwinuko unaozidi mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Wenzetu wa Ulaya na Marekani huwapeleka watoto wao kambini wakati wa kiangazi. Sisi likizo yetu hutukutia kwenye baridi. Kwa mtoto mwenye selimundu, au sikoseli kama wengi waiitavyo, baridi hiyo inaweza kuamsha maumivu makali ya mifupa usiku wa manane. Kwa hiyo mzazi anayealikwa kumpeleka mwanawe kambini na akauliza, "Usiku atakuwa na nani?", ameuliza swali la kitabibu, na anastahili kujibiwa kwa ukamilifu.

Makala haya yanajaribu kulijibu. Yanaeleza kazi za watumishi na watu wa kujitolea katika kambi za siku chache zinazowakusanya watoto wanaoishi na maradhi ya kudumu, hasa maambukizi ya VVU, kisukari cha aina ya kwanza na selimundu. Yamekusudiwa kwa mtoa huduma anayefikiria kujitolea, na kwa mzazi au mlezi anayesita kutia saini fomu ya ruhusa.

Chimbuko la kambi za tiba

Kuwatenga vijana na nyumbani kwa muda ili wafundishwe na watu wazima walioaminiwa ni desturi ya kale katika jamii zetu. Jando na unyago vilikuwa shule za namna hiyo. Skauti nao walijenga mafunzo yao juu ya kambi tangu Robert Baden-Powell alipofanya kambi ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907. Mzee huyo alimalizia maisha yake Nyeri, Kenya, na huko ndiko alikozikwa mwaka 1941.

Kambi za watoto wagonjwa zilifuata baadaye. Mwaka 1925, miaka michache tu baada ya insulini kugunduliwa, Dkt. Leonard Wendt alianzisha kambi ya watoto wenye kisukari katika jimbo la Michigan, Marekani. Mwaka 1988 mwigizaji Paul Newman alifungua kambi ya watoto wenye maradhi mazito katika jimbo la Connecticut, na kutokana nayo ukakua mtandao uitwao SeriousFun. Mtandao huo ulishirikiana na vituo vya tiba ya VVU kwa watoto barani Afrika, Tanzania ikiwemo. Hapa nchini, Baylor Tanzania, ambayo vituo vyake vya Mwanza na Mbeya vilifunguliwa mwaka 2011, imekuwa ikiwahudumia watoto na vijana wanaoishi na VVU kwa tiba, klabu za vijana na kambi.

Mahitaji ya kambi hizo katika kanda yetu yanaonekana katika takwimu. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022/2023 ulionesha kwamba miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, maambukizi kitaifa yalikuwa asilimia 4.4. Njombe ilikuwa na asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Nyuma ya takwimu hizo wapo watoto waliozaliwa na virusi, wakanusurika kwa sababu dawa zilifika, na sasa wanaingia katika ujana wakiwa na chupa ya vidonge mfukoni na siri moyoni.

Mratibu wa kambi

Kazi ya mratibu huanza miezi kadhaa kabla ya basi la kwanza kuwasili. Ndiye anayekagua mahali: je, mabweni yana milango inayofungika, blanketi za kutosha, vyoo vya karibu vyenye taa, na maji ya moto ya kuoga? Hospitali iliyo karibu iko umbali gani, na nani atapokea simu huko saa tisa usiku? Ndiye anayepokea fomu za afya na kuhakikisha kila mtoto ameruhusiwa na mzazi au mlezi wake, na pia na daktari anayemtibu.

Mratibu ndiye pia anayekadiria idadi ya watumishi. Chama cha Kambi cha Marekani, ambacho viwango vyake hutumiwa na wengi kama mwongozo, kinashauri katika kambi za kulala mtumishi mmoja kwa watoto 6 wenye umri wa miaka 6 hadi 8, mmoja kwa watoto 8 wenye miaka 9 hadi 14, na mmoja kwa vijana 10 wenye miaka 15 hadi 18. Kwa hesabu hiyo, kambi ya watoto 60 wenye umri wa miaka 9 hadi 14 inahitaji walezi wasiopungua 8. Hao ni walezi peke yao. Muuguzi, mpishi, dereva na mlinzi hawahesabiwi humo. Palipo na watoto wanaohitaji kuamshwa usiku kupimwa sukari, idadi hiyo haitoshi, na mratibu mwenye busara huongeza watu au hupunguza watoto. Ni afadhali kambi ya watoto 30 wanaotunzwa vema kuliko ya 60 wanaohesabiwa kwa macho.

Dereva na safari

Kutoka Iringa hadi Mbeya kwa barabara kuu, kupitia Mafinga na Makambako, ni zaidi ya kilometa 300. Safari hiyo ni sehemu ya kambi, na dereva ni mtumishi wa kambi. Asafiri pamoja na muuguzi au mlezi aliyefunzwa, mwenye orodha ya majina, na watoto wahesabiwe kila basi linaposimama na kabla halijaondoka. Insulini na vipima sukari visiwekwe kwenye buti. Vikae ndani, karibu na mtu anayevijua. Mtoto mwenye kisukari awe na sukari au glukosi mkononi, kwa maana basi likiharibika njiani chakula cha mchana hakitamngojea. Mwenye selimundu avae nguo nzito na apewe maji ya kunywa mara kwa mara. Wapo watoto wanaojinyima maji kwa kuogopa kuomba basi lisimame. Kwa mtoto huyo, upungufu wa maji ni njia fupi ya kuelekea wodini.

Mlezi wa bweni

Katika watumishi wote, mlezi wa bweni ndiye anayekaa na watoto kwa saa nyingi zaidi. Huwaamsha, huwasindikiza kula, hushiriki michezo yao, huwatuliza wanaolilia nyumbani, na hulala chumba kilicho jirani huku mlango wake ukiwa rahisi kubishwa. Si lazima awe mtaalamu wa afya. Walezi bora niliowaona katika kambi nilizoshiriki walikuwa walimu wa shule za msingi, wanafunzi wa ustawi wa jamii, na mama mmoja muuza mboga ambaye watoto walimfuata kila alikokwenda kwa sababu aliwasalimia kwa lugha za kwao: wa Kilolo aliwaambia "kamwene", wa Rungwe "ugonile".

Hata hivyo, upendo bila maarifa hautoshi. Kabla ya kambi mlezi afundishwe mambo machache hadi ayaweze bila kusoma karatasi. Ajue kwamba mtoto mwenye kisukari anayetetemeka, anayetoka jasho kwenye baridi, anayekuwa mkali ghafla au anayeongea maneno yasiyoeleweka, huenda sukari yake imeshuka. Apimwe. Ikiwa iko chini ya milimoli 3.9 kwa lita, yaani miligramu 70 kwa desilita, na anaweza kumeza, apewe takribani gramu 15 za sukari, sawa na vijiko vitatu vya chai vilivyojaa, akorogewe kwenye maji. Mtoto mdogo hupewa pungufu kulingana na uzito wake. Apimwe tena baada ya dakika 15. Asiyeweza kumeza asipewe kitu mdomoni. Alazwe ubavu na muuguzi aitwe mara moja.

Ajue pia kwamba mchezo wa alasiri unaweza kushusha sukari saa nyingi baadaye, mtoto akiwa usingizini. Siku waliyocheza rede na kombolela hadi jua kuzama, ndiyo siku ya kumpima mtoto kabla ya kulala na tena mnamo saa nane usiku. Kuhusu mwenye selimundu, ajue dalili zinazomlazimu kuita muuguzi bila kusubiri asubuhi: homa, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, weupe wa ghafla wa viganja na macho, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili.

Lipo jambo moja ambalo hapa kwetu lazima lisemwe kwa msisitizo. Baridi ikizidi, watu wamezoea kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa wamelala. Bwenini pasiingizwe jiko la mkaa hata kwa dakika tano. Baridi ijibiwe kwa blanketi, soksi, kofia na uji wa moto. Mlinzi wa usiku na mlezi wa bweni ndio wasimamizi wa kanuni hii.

Chumba cha dawa

Muuguzi wa kambi hupokea dawa za kila mtoto siku ya kuwasili, zikiwa kwenye vifungashio vyake vya asili, mbele ya mtoto na mzazi. Huzihesabu, huziandika na kuzifungia. Hesabu hiyo mara nyingi husema mambo ambayo kliniki haikuyasikia. Mtoto aliyepewa vidonge 30, kimoja kwa siku, baada ya siku 20 anapaswa kubaki na 10. Chupa ikikutwa na 19, vidonge tisa havikumezwa. Muuguzi mzuri hatatangaza jambo hilo mbele ya foleni wala hatampigia simu baba mtu akilalamika. Atamwita daktari na mshauri nasaha, na watatu hao watatafuta wakati wa utulivu wa kumuuliza mtoto nini kimemtatiza.

Majibu hutufundisha mengi. Binti mmoja wa kidato cha pili alitueleza kwamba katika shule ya bweni aliyokuwa akisoma, dawa zake zilifungiwa ofisini, naye alitakiwa kwenda kuziomba kila jioni huku wenzake wakiwa wamepanga foleni ya chakula mlangoni hapo hapo. Baada ya wiki mbili za kuulizwa anaumwa nini, aliacha kwenda. Hakuwa amezichoka dawa. Alikuwa amechoka kutazamwa. Mashauri yote ya kliniki kuhusu umuhimu wa dawa yasingemsaidia, kwa kuwa umuhimu huo aliufahamu. Alichokihitaji ni mahali pa kumezea kidonge. Suluhisho lilipatikana kwa mazungumzo na mlezi wake na mtumishi mmoja wa shule, wakabadilisha saa na mahali pa kunywea dawa.

Kambini, saa ya dawa ni saa ya wote. Saa mbili usiku watoto hukaa pamoja, kila mmoja na kikombe chake cha maji, na hakuna anayejificha. Kwa wengi hiyo huwa mara ya kwanza kumwona mtoto mwingine akimeza kidonge kama chao. Nimekwisha kusikia wataalamu wakiuliza faida ya kambi ni nini ilhali dawa zipo kliniki. Mtu akikaa katika chumba hicho kwa robo saa atapata sehemu kubwa ya jibu.

Daktari wa kambi naye ana kazi ya kusema hapana. Mtoto mwenye homa isiyoeleweka, mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili ambacho hakijachunguzwa kifua kikuu, au aliyetoka wodini juzi, asipande basi. Mtoto atokaye maeneo ya chini yenye joto, kama Kyela au Pawaga, akipata homa kambini apimwe malaria, hata kama mbu hawaonekani kwenye baridi ya Mbeya; vimelea amekuja navyo. Daktari pia hurekebisha dozi za insulini kulingana na michezo na chakula cha siku, na hukumbusha kila mtumishi kwamba mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza haachi insulini kabisa hata siku anayokosa hamu ya kula. Dozi hubadilishwa na mtaalamu, haifutwi.

Kuhusu utunzaji, insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8. Ikiganda huharibika, na haifai hata ikiyeyuka. Kwa hiyo isigusane na barafu wala isiachwe dirishani usiku wa baridi kali.

Jikoni

Mpishi wa kambi ya tiba hupika kwa saa. Mtoto aliyechomwa insulini anasubiri chakula, na ugali uliochelewa nusu saa kwa sababu kuni ni mbichi unaweza kumwangusha. Kwa hiyo muuguzi na mpishi wazungumze kabla ya kila mlo: chakula kiwe tayari kwanza, ndipo sindano zitolewe.

Chakula chenyewe hakihitaji kuwa cha kigeni. Nyanda za Juu Kusini zina maharage, viazi, mahindi, mboga za majani, maziwa, mayai na maparachichi. Ni ghala la lishe bora. Kazi ya afisa lishe ni kupima vipimo na kufundisha: kikombe kimoja cha wali wa mchele wa Kyela kina wanga kiasi gani, na kwa nini togwa na soda si vinywaji vya kila siku kwa mwenye kisukari ingawa vinafaa sukari ikishuka. Watoto washirikishwe kupakua na kukadiria. Mtoto aliyejifunza kukadiria ugali kwa ukubwa wa ngumi yake anarudi nyumbani na kipimo asichoweza kukisahau.

Mshauri nasaha na siri ya mtoto

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Katika kambi ya watoto wanaoishi na VVU, kila mtumishi amekuwa kata: amezama ndani ya siri za watu wasiompa siri hizo kwa hiari yao kamili. Sheria ya UKIMWI Na. 28 ya mwaka 2008 inalinda usiri wa taarifa za afya za mtu anayeishi na VVU na inakataza ubaguzi dhidi yake. Mpishi na dereva wanabanwa na wajibu huo sawasawa na daktari, na watie saini kiapo cha usiri kabla ya kuona orodha ya majina.

Suala gumu zaidi ni la mtoto ambaye bado hajaambiwa hali yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 unashauri kwamba watoto wa umri wa shule waambiwe hali yao ya maambukizi, na wadogo zaidi waelezwe hatua kwa hatua kulingana na uwezo wao wa kuelewa. Walezi wengi huchelewa. Bibi anayemlea mjukuu yatima huogopa swali litakalofuata: "Nimeupata wapi?" Akijibu, itambidi amtaje bintiye aliyelala kaburini. Hofu hiyo ni ya heshima na haifai kubezwa, lakini kambi haiwezi kuwa njia ya mkato ya kuikwepa. Kanuni iwe kwamba kwenye kambi ya watoto wanaoishi na VVU anaalikwa yule tu aliyekwisha kuelezwa kikamilifu, na mshauri nasaha amethibitisha hivyo kwa kuzungumza na mtoto mwenyewe. Mtoto asiyejua, akisikia ukweli kutoka kwa mwenzake bwenini, anaweza kurudi nyumbani akiwa amepoteza imani kwa dawa na kwa bibi pia.

Kambini mshauri nasaha huendesha vikundi vidogo. Vijana wa miaka 15 na kuendelea huuliza kuhusu mapenzi, ndoa na watoto, na wajibiwe kwa ukweli: anayetumia dawa vizuri hadi wingi wa virusi usionekane kwenye kipimo haambukizi VVU kwa njia ya kujamiiana, na mama aliye katika hali hiyo anaweza kuzaa mtoto asiye na maambukizi. Sentensi hizo mbili huwashangaza vijana wengi waliokua wakidhani mlango wa familia umefungwa kwao.

Vijana rika

Hawa ni vijana wa miaka 18 hadi 25 waliokua na hali ile ile, walioijua kliniki tangu utotoni. Mtoto wa miaka 12 akimwona dada anayesoma uuguzi akimeza dawa ile ile, amepata ushahidi ambao daktari hawezi kumpa kwa maneno. Vijana rika huongoza michezo, ngonjera na maigizo, na husikia yale ambayo watoto hawatuambii.

Lakini nao ni vijana, na wasibebeshwe mizigo ya wataalamu. Kijana rika asiachwe peke yake na mtoto anayesema anataka kufa, wala asilazimishwe kusimulia maisha yake jukwaani kila jioni kwa faida ya wageni. Achague mwenyewe asimulie nini. Awe na mtu mzima wa kumrudia jioni kueleza aliyoyasikia. Na alipwe posho yake kama wengine. Uzoefu wake ni utaalamu.

Watu wa kujitolea

Wanafunzi wa udaktari na uuguzi, walimu, waumini wa madhehebu mbalimbali na wageni kutoka nje hujitokeza kwa wingi. Moyo huo ni wa kushukuriwa, na uchujwe. Kila anayejitolea afanyiwe usaili, awe na wadhamini wawili wanaomfahamu kazini, na taarifa zake za jinai zichunguzwe. Ahudhurie mafunzo yote. Asiyefika kwenye mafunzo asifike kambini.

Anayejitolea anapaswa kuelewa kwamba kazi yake nyingi itakuwa ndogo ndogo: kubeba maji, kutafuta soksi iliyopotea, kuketi kando ya mtoto asiyetaka kucheza. Ajue mipaka: hatoi dawa, hatoi ahadi za ada za shule, habadilishani namba za simu na watoto kwa siri, na hapigi picha. Picha moja ya mtoto anayecheka, ikirushwa mtandaoni kwa nia njema kabisa pamoja na jina la kambi, inaweza kutangaza hali yake kwa kijiji kizima. Kambi nyingi huwataka watu wa kujitolea kukabidhi simu zao, nami naliunga mkono jambo hilo.

Nao watunzwe. Mlezi aliyelala saa tatu kwa siku nne mfululizo atakosea. Ratiba imwekee kila mtu saa mbili za mapumziko mchana, na zamu za usiku zizungushwe.

Ulinzi wa mtoto

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inamtaka kila mtu mzima kutazama kwanza maslahi ya mtoto. Kambini hilo linatafsiriwa kwa kanuni chache zisizo na msamaha: mtu mzima mmoja hakai faraghani na mtoto mmoja; wawili wawepo, au mlango uwe wazi na watu wanawaona. Wavulana na wasichana wawe na mabweni na walezi wao. Adhabu ya viboko hairuhusiwi. Afisa ustawi wa jamii awepo, na watoto wamjue kwa sura na jina tangu siku ya kwanza, kwa sababu mtoto aliyetendewa ubaya nyumbani mara nyingi husema akiwa mbali na nyumbani. Mtumishi anayeambiwa jambo hilo asiahidi kulificha. Amsikilize, amshukuru kwa kusema, na alifikishe kwa afisa ustawi siku hiyo hiyo. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ibandikwe mahali pa kuonekana.

Baada ya kambi

Siku tano za furaha hazitafuti miezi mingi ya upweke, na ziko hatari zake. Wapo watoto wanaorudi nyumbani wakaonekana wenye huzuni kwa wiki nzima. Kwa hiyo kazi ya mwisho ya watumishi ni kumkabidhi mtoto kwa watu wa kwao: barua fupi kwa kliniki yake ikieleza yaliyobainika, mazungumzo na mzazi siku ya kumpokea, na mwaliko wa klabu ya vijana iliyo karibu. Mtoto wa Mufindi asiambiwe klabu iko Mbeya mjini peke yake. Atafutiwe ya Iringa au ya hospitali ya wilaya, na kama haipo, muuguzi wa kliniki yake aombwe kuwapangia watoto wachache siku moja ya kuhudhuria pamoja. Wengine hurudi kwenye nyumba ambazo mjomba hajui hali yao. Hao wafundishwe kabla ya kuondoka watakachojibu wakiulizwa walikuwa wapi.

Kwa mzazi: ya kuuliza kabla ya kutia saini

Uliza nani atalala karibu na mwanao na amefunzwa nini. Uliza dawa zitatunzwa wapi na zitatolewa na nani. Uliza hospitali ya rufaa ni ipi na gari la dharura litakaa wapi usiku. Uliza iwapo watumishi wote wametia saini kiapo cha usiri, na picha zitapigwa au la. Uliza utapigiwa simu lini. Mratibu anayechukizwa na maswali haya hajawa tayari kupokea watoto.

Kisha funga begi: sweta mbili, soksi, kofia, kandambili, kadi ya kliniki, kadi ya bima kama ipo, na dawa za kutosha siku za kambi pamoja na za siku tatu za ziada, maana barabara zetu huwa na ya kwao. Mweleze mwanao anakwenda wapi na atarudi lini. Na anaporudi, kabla ya kumuuliza kama alikunywa dawa, muulize kwanza amepata marafiki gani.